Kafi si kasia: Shirikisho la Kimataifa la Mitumbwi linakoelekea, na nafasi ya pwani yetu

Jumamosi moja asubuhi, maji yakiwa yameanza kujaa, nilikuwa nimeketi kwenye mchanga wa Kunduchi pamoja na mzee mmoja ambaye amechonga mitumbwi na ngalawa kwa muda mrefu kuliko umri wangu. Nilikuwa na kafi la kayaki, lile lenye mabapa mawili, moja kila ncha ya mpini, na nilipomkabidhi hakuangalia rangi wala maandishi yake. Alilaza mpini juu ya kidole kimoja, akausogeza taratibu mpaka ukatulia bila kuinama upande wowote, kisha akapitisha kidole gumba ukingoni mwa bapa.

"Mabapa haya hayatazamani," alisema. "Moja limelala, jingine limesimama. Nani alikosea?"

Nikamweleza kwamba yamepishanishwa makusudi, ili bapa lililo hewani lipite ubavuubavu na lisikamatwe na upepo wa mbele wakati lile lililo majini linavuta. Alinyamaza kidogo akilitazama tena.

"Basi aliyelitengeneza anaujua upepo, mwanangu."

Nimekuwa nikifuatilia habari za Shirikisho la Kimataifa la Mitumbwi, linalojulikana kwa kifupi chake ICF, kwa miaka kadhaa sasa, na kila ninapojaribu kuwaeleza watu wa Dar es Salaam shirikisho hilo linashughulikia nini, najikuta narudi kwenye kifaa hicho kimoja. Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili mahali ambapo wengi siku hizi hutumia moja. Kasia hufungwa ubavuni mwa chombo kwa kishwara, na anayelivuta huketi akiwa ameipa omo mgongo, haoni aendako. Kafi halifungwi popote. Liko mikononi mwa mtu tu, naye anatazama mbele. Michezo ya makasia ina shirikisho lake la dunia, na michezo ya makafi ina lake. Vyombo vyetu vya habari huichanganya yote miwili chini ya jina la "makasia", na mkanganyiko huo una gharama zake. Miaka michache iliyopita mimi na wenzangu watatu tulipeleka barua katika ofisi moja kueleza nia yetu ya kuunda klabu ndogo ya kayaki, na jibu lilipokuja, baada ya miezi mingi, lilituelekeza tuwasiliane na watu wa mchezo mwingine kabisa. Sidhani kulikuwa na nia mbaya. Aliyetuandikia hakuwa amewahi kuelezwa tofauti hiyo, nasi hatukuwa tumeieleza vizuri.

Shirikisho lenyewe si changa. Mtangulizi wake aliundwa mjini Copenhagen mwezi Januari 1924, na baada ya vita vikuu vya pili likaundwa upya mjini Stockholm mwaka 1946 kwa jina linalotumika hadi leo. Makao yake makuu yako Lausanne, Uswisi, na tangu mwaka 2021 rais wake ni Thomas Konietzko wa Ujerumani, aliyempokea José Perurena wa Hispania. Mitumbwi ilioneshwa kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 bila kushindaniwa medali rasmi, ikaingia rasmi Berlin mwaka 1936, na wanawake wakapewa nafasi yao ya kwanza, kwa kayaki peke yake, London mwaka 1948. Kwa hiyo mchezo uliporudi Paris mwaka 2024 ulikuwa unatimiza miaka mia moja tangu ulipopiga hodi kwenye mlango huohuo, na mengi ya ninayoyaona kuwa maendeleo yake ya karibuni yalionekana pale, katika uwanja wa maji wa Vaires-sur-Marne, mashariki mwa jiji.

Jambo jipya kuliko yote lilikuwa kayaki krosi, na inafaa kulieleza kwa kirefu kwa sababu wengi wetu tuliliona kwenye simu tu, kwa vipande vifupi, bila maelezo. Katika slalomu ya kawaida, ambayo ndiyo iliyokuwa ikijulikana zaidi, mtu huteremka peke yake kwenye maji ya kasi akipita katikati ya milango ya fito zinazoning'inia, ya kijani na nyeupe kwa kuteremka na ya nyekundu na nyeupe kwa kupanda kinyume cha mkondo. Akigusa fito anaongezewa sekunde 2. Akiruka mlango anaongezewa sekunde 50, yaani amekwisha. Ni mchezo wa ustadi mkubwa, ila mtazamaji hushindana na saa kama mchezaji mwenyewe anavyoshindana nayo, na si kila mtu anafurahia kutazama saa. Kayaki krosi imeliondoa jambo hilo. Baada ya mzunguko wa kwanza wa kupima muda, wachezaji wanne hukaa ndani ya kayaki za plastiki zinazofanana, juu ya jukwaa lililoinuka, kisha jukwaa linainamishwa nao wanaporomoka majini kwa pamoja. Wanagongana, wanasukumana, wanawahi maboya makubwa ya hewa, baadhi ya kuteremka na baadhi ya kupanda, na mahali fulani kwenye njia kila mmoja hulazimika kujipindua chini juu na kuinuka tena bila kutoka ndani ya kayaki. Anayefika kwanza ndiye mshindi. Medali za kwanza za Olimpiki za mchezo huo zilikwenda kwa Noemie Fox wa Australia na Finn Butcher wa New Zealand.

Wapo waliolalamika kwamba kuchukua nafasi za medali na kuzipeleka kwenye mchezo wa kugongana ni kuudharau ufundi. Mimi nasimama upande wa shirikisho. Niliiangalia fainali ya wanawake pamoja na vijana wawili wa Mtongani ambao hawajawahi kuona maji ya mto yenye kasi ya namna ile, na hakuna aliyehitaji kuelezwa nani anaongoza. Mmoja wao aliniuliza swali moja tu, mtu akipinduka anapumuaje, nami nikafurahi, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza la mtu anayefikiria kujaribu. Zaidi ya hayo, kayaki ya plastiki ya kayaki krosi ni ngumu, haivunjiki kirahisi, na haimlazimu mchezaji kununua chombo chepesi cha nyuzi za kaboni kinachokwenda na mtindo wa kila mwaka. Kwa nchi kama yetu hilo lina uzito kuliko hoja yoyote kuhusu heshima ya mchezo.

Usawa wa wanawake na wanaume ni eneo jingine ambako shirikisho linastahili pongezi, ingawa lilichelewa sana. Kwa miongo mingi mtumbwi wa kafi la bapa moja, ule ambao mchezaji wa mbio fupi hupiga goti moja na kuvuta upande mmoja tu, ulikuwa wa wanaume peke yao kwenye Olimpiki. Wanawake waliruhusiwa kuushindania kwa mara ya kwanza Tokyo, michezo ya mwaka 2020 iliyofanyika 2021. Paris mbio fupi zilikuwa na mashindano 10 ya medali, matano ya wanawake na matano ya wanaume, na slalomu ikiwa na kayaki krosi ilikuwa na 6, matatu kwa matatu. Na kama kuna mtu mmoja anayeubeba mchezo huu machoni pa dunia leo, ni mwanamke, Lisa Carrington wa New Zealand, ambaye kuanzia London 2012 hadi Paris 2024 amekusanya medali 8 za dhahabu za Olimpiki.

Ninachokithamini kuliko hayo yote, hata hivyo, ni kitu ambacho hapa kwetu sijasikia kikizungumzwa hata mara moja. Mitumbwi ya watu wenye ulemavu iliingia kwenye Paralimpiki Rio mwaka 2016, kwa kayaki za mita 200. Tokyo kikaongezwa chombo cha pili, va'a, na Paris kukawa na mashindano 10 ya medali kwa jumla, manne kati yake ya va'a. Va'a ni mtumbwi wa visiwa vya Pasifiki: mwembamba, una mbao ya kuelea ubavuni iliyoungwa kwa miti miwili ili usipinduke, na huendeshwa kwa kafi la bapa moja. Mtu yeyote aliyekulia Kunduchi, Kawe, Kigamboni au Mafia akiona picha ya va'a atasema papo hapo: hiyo ni ngalawa iliyopoteza upande mmoja. Na hatakuwa amekosea sana. Wanahistoria wengi wa bahari wanakubaliana kwamba mirengu ya ngalawa zetu, yaani ile miti na mbao za kuelea za ubavuni, ina asili moja na ile ya vyombo vya Asia ya Kusini Mashariki, iliyofika huku na mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi, walewale ambao kizazi chao kiko Bukini, yaani Madagaska, hadi leo. Wengine wa ukoo huohuo walielekea mashariki wakajaza Pasifiki. Sisi tukabaki na mirengu ya pande mbili pamoja na tanga, wao wakaenda na ya upande mmoja. Leo chombo chao kinashindaniwa Paralimpiki, na sheria zake zimeandikwa Lausanne.

Nilipomwonesha mzee wangu wa Kunduchi picha hiyo kwenye simu, aliikuza kwa vidole viwili, akaangalia mahali mti unapofungwa kwenye mbao ya kuelea, si mahali pengine popote.

"Wamefunga vizuri," alisema. "Lakini kwa bahari yetu ya kusi, upande mmoja hautoshi."

Nikamwambia kwamba mashindano yanafanyika kwenye maji yaliyotulia, mita mia mbili tu, na kwamba wanaokaa humo ni watu ambao miguu yao haina nguvu au haipo. Nikamtajia Curtis McGrath wa Australia, askari aliyepoteza miguu yote miwili Afghanistan mwaka 2012 na ambaye ameshinda dhahabu Rio, Tokyo na Paris. Mzee aliiweka simu juu ya mchanga. Akaniambia habari za mpwa wake, ambaye mguu wake ulikatwa baada ya ajali ya pikipiki na ambaye tangu hapo haendi tena baharini kwa sababu watu wa nyumbani wanamwonea huruma. "Huyu anaketi," akasema, akionesha simu. "Na mpwa wangu anaweza kuketi." Sikuwa na la kuongeza, wala sina mpaka sasa. Jiji letu lina vijana wengi waliopoteza viungo kwa ajali za bodaboda, na lina ngalawa zilizolala mchangani saa nyingi za mchana. Kuviunganisha vitu hivyo viwili hakuhitaji uwanja wa mabilioni.

Nije kwenye mipango ya mbele, ambayo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Mkubwa kuliko yote ni Los Angeles 2028. Mbio fupi zitafanyika Long Beach, kwenye mkono wa bahari uliotumika kwa makasia tangu Olimpiki ya mwaka 1932, na slalomu pamoja na kayaki krosi zitafanyika Oklahoma City, jimbo jingine kabisa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Los Angeles. Sababu ni rahisi: Oklahoma City tayari ina mto wa kutengenezwa, uliofunguliwa mwaka 2016, na waandaaji wameona ni heri kuwapeleka wachezaji kwenye maji yaliyopo kuliko kujenga maji mapya. Mashindano ya dunia ya slalomu ya mwaka 2026 nayo yamepangiwa mji huohuo, ili njia ijaribiwe mapema. Yapo masikitiko kwamba wachezaji wa slalomu hawatalala kwenye kijiji kikuu cha Olimpiki wala kuandamana na wenzao, na ninawaelewa. Hata hivyo naona uamuzi huo ni wa busara, na ningependa shirikisho liuseme waziwazi kama kanuni: maji yaliyopo kwanza. Mto wa kutengenezwa hula umeme mwingi wa pampu kila siku unapotumika, na nchi nyingi za Afrika haziwezi hata kuota kuwa nao. Kila mara mchezo unapodai miundombinu ya namna hiyo, unafunga mlango kwa watu ambao tayari wana mito na bahari.

Kuna shinikizo jingine linalotoka juu. Tangu Juni 2025 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inaongozwa na Kirsty Coventry wa Zimbabwe, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho, na miongoni mwa mambo aliyoanza nayo ni kupitia upya namna michezo inavyochaguliwa kuingia kwenye Olimpiki. Shirikisho lenye michezo inayohitaji viwanja ghali haliwezi kulala usingizi katika mapitio hayo. Ninaamini hiyo ndiyo sababu mojawapo ya ICF kupanua mikono yake kwa kasi: mashua za joka, zile ndefu zenye kichwa cha joka na wapiga kafi wengi, ambazo mashindano yake ya dunia yalifanyika Puerto Princesa, Ufilipino, mwaka 2024, mitumbwi ya masafa marefu na mpira wa kayaki, vilivyoonekana pamoja na mashua za joka kwenye Michezo ya Dunia ya Chengdu mwaka 2025, na ubao wa kusimamia, ule ambao watalii huukodi sana kuzunguka nao ghuba ya Msasani.

Kuhusu ubao huo shirikisho liligombana kwa miaka mingi na chama cha kimataifa cha mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi, kila mmoja akidai ni wake, mpaka Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaamua Agosti 2020 kwamba kwenye ngazi ya Olimpiki mwenye mamlaka ni hao wa mawimbi, ingawa ICF haikuzuiwa kuendelea na mashindano yake. Yameendelea, na ubao huo haujaingia Olimpiki hadi leo. Kwa maoni yangu nguvu zilizotumika pale zingezaa zaidi mahali pengine.

Mahali penyewe ni bahari wazi. Oktoba 2025 mashindano ya dunia ya mbio za bahari wazi yalifanyika Durban, Afrika Kusini, kwenye bahari hii hii ya Hindi tunayoiona kutoka Coco Beach. Chombo chao ni kayaki ndefu nyembamba isiyo na shimo la kuingilia; mtu hukaa juu yake, miguu ikiongoza usukani kwa pedali, na ufundi wote ni kulisoma wimbi linalotoka nyuma na kulipanda kabla halijakupita. Wenyewe huchagua njia inayokwenda na upepo, ili mawimbi yawasukume. Afrika Kusini ina mizizi mirefu katika michezo ya makafi: mbio za Dusi, kutoka Pietermaritzburg hadi Durban, takribani kilomita 120 za mto na za kubeba mtumbwi begani, zilianza mwaka 1951, na Pietermaritzburg iliandaa mashindano ya dunia ya masafa marefu mwaka 2017. Bridgitte Hartley, wa nchi hiyo, alipata shaba London mwaka 2012 katika kayaki ya mita 500. Miaka minne kabla yake, Beijing, Benjamin Boukpeti alikuwa ameipatia Togo medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia yake, shaba ya slalomu, na kwa furaha akalivunja kafi lake vipande viwili juu ya kayaki. Picha hiyo ninayo ukutani. Boukpeti, hata hivyo, alizaliwa na kufundishwa Ufaransa, na hilo linaeleza kwa nini medali ile haikuzaa slalomu nchini Togo.

Sasa angalia bahari yetu. Kuanzia Mei kusi linavuma kutoka kusini, na kuanzia Desemba kaskazi linavuma kutoka upande wa pili, kila moja kwa miezi mfululizo, kwa uthabiti ambao watu wa nchi nyingine wangelipia fedha kuupata. Kati ya Kigamboni na Kunduchi kuna visiwa, kuna miamba inayopunguza mawimbi, na kuna mlango wa kwenda bahari kuu kwa anayetaka mawimbi makubwa. Mtu anaweza kuondoka na upepo mgongoni kutoka Kigamboni, akapita nje ya Msasani akiacha Bongoyo upande mmoja, akatua Kunduchi mbele ya Mbudya, bila njia kuchorwa wala boya la kudumu kutiwa. Hatuhitaji njia tisa zilizonyooka za mbio fupi wala pampu. Tunahitaji boti ya uokoaji, maboya ya kuvaa kwa kila mchezaji, mtu anayejua majira ya maji, na vyombo.

Vyombo ndipo tatizo lilipo, na hapa ndipo nina neno kwa shirikisho lenyewe. Idadi ya vyama vya nchi wanachama imepita 150, na kila ripoti huisema kwa fahari. Bendera ni kitu kizuri, lakini bendera haielei. Nchi inaweza kuwa mwanachama kwa miaka mingi ikiwa na ofisi, muhuri na barua pepe, na isiwe na kayaki hata kumi zinazoshuka majini kila wiki. Ningependa kuona maendeleo yakipimwa kwa namna nyingine: watoto wangapi walivuta kafi mwaka huu katika nchi ambayo mwaka jana hakuna aliyevuta, wangapi wanajua kuogelea, vyombo vingapi vilitengenezwa palepale badala ya kusafirishwa kwa kontena. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu ya sheria za mchezo. Kayaki ya mbio fupi ya mtu mmoja haitakiwi kuzidi mita 5.2 kwa urefu wala kuwa chini ya kilo 12. Hakuna kifungu kinachosema itoke kiwanda fulani. Mafundi wa Kunduchi wanaochonga chombo kwa tezo kutoka kwenye gogo la mwembe, kwa jicho tu, na chombo hicho kikaenda sawa, hawashindwi kujifunza kutengeneza kayaki ya mbao nyembamba ya mazoezi. Watakachohitaji ni michoro, gundi nzuri na mtu wa kuwaelekeza mara moja au mbili. Kozi ya wiki mbili ya mafundi, ikigharamiwa na fedha za maendeleo, ingetufaa kuliko kayaki mbili za kaboni zinazokaa stoo zikisubiri kipuri.

Kuogelea nako nimekutaja kwa makusudi. Kizazi changu kililelewa na hofu ya maji. Mei 1996 ilizama MV Bukoba, Septemba 2011 MV Spice Islander, Septemba 2018 MV Nyerere, na kila mara wazazi wa pwani na wa ziwani waliwashika watoto mikono wakawarudisha ndani. Siwalaumu. Ila mtoto wa Dar es Salaam anayekatazwa bahari hadi anapofika miaka ishirini hatakuwa mchezaji wa kafi, na pia hatakuwa salama siku atakapopanda boti. Klabu yoyote itakayoanzishwa hapa ianze na kuogelea, hata kama itamaanisha miezi sita bila kugusa kayaki. Hapo sitakubali mjadala.

Kwa upande wetu wa nyumbani, timu iliyokwenda Paris mwaka 2024 ilikuwa na watu saba, wa riadha, kuogelea na judo. Septemba 2025 Alphonce Simbu akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, na nchi nzima ikaona jinsi uvumilivu wa miaka mingi unavyolipa. Sioni sababu ya bahari kuachwa nyuma ya barabara. Mashindano ya mitumbwi ya Kanda ya Ziwa huvuta umati ufukweni, wanaume na wanawake, mitumbwi iliyojaa watu na makafi yakishuka kwa pamoja. Zanzibar resi za ngalawa ni sehemu ya sikukuu. Wapiga kafi tunao. Hatujawaunganisha na kalenda ya dunia, na hatuwezi kumlaumu mtu wa Lausanne kwa kutowajua. Baraza la Michezo la Taifa na Kamati ya Olimpiki Tanzania wakipokea maombi yaliyoandikwa vizuri, yenye majina ya klabu zilizo hai na siyo za karatasi, naamini yatasikilizwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yetu.

Sisi kwa sasa tuko kumi na mmoja, wanne wanawake, na kayaki tatu za mitumba, moja ikiwa imezibwa ufa kwa plastiki iliyoyeyushwa kwa pasi ya moto. Tunakutana Jumamosi, saa moja asubuhi kabla upepo haujaamka, na kwanza tunaokota chupa za plastiki zilizoletwa na maji usiku, kwa sababu bila kufanya hivyo hakuna pa kusukumia chombo. Mpwa wa mzee amekuja mara mbili. Mara ya kwanza aliketi kivulini na kutazama. Mara ya pili aliomba apewe boya, akalivaa, akalifunga mwenyewe, akaketi kwenye kayaki iliyokuwa bado juu ya mchanga, akavuta kafi hewani mara nyingi, kushoto, kulia, kushoto, mpaka mjomba wake alipomwita wakale.

Wiki iliyopita mzee aliniambia nimwachie kafi langu kwa siku tatu. Nilipolifuata nilimkuta na ubao wa mninga juu ya magoti, ameuchora kwa mkaa mabapa mawili, moja limelala na jingine limesimama, na amepunguza upana wa yote mawili kuliko ya kwangu. Nilipomuuliza sababu, alisema bahari ya kusi inachosha bega, na kwamba mpwa wake hana mguu wa kujikazia. Amebakiza kupiga randa na kupaka mafuta. Jumamosi ijayo maji ni ya bamvua, yatajaa mpaka karibu na mikoko, na tutaliteremsha hapo.